Ritifaa ya Ng'ombe

Mpe fundi wa kompyuta faili ambalo ndani yake ng'ombe amegeuka "ng’ombe". Aliye mwanagenzi ataanza kufuta takataka hizo moja moja. Aliyekomaa hagusi kitu. Hufungua terminali, akaita xxd, akazitazama baiti zenyewe, kwa sababu skrini humwonyesha tafsiri tu ya kilichohifadhiwa.

Takataka ile ina mpangilio. Programu za kuandikia hupenda ritifaa iliyopinda, ambayo haimo katika alama 128 za ASCII. Katika usimbaji wa Windows-1252 ritifaa hiyo ni baiti moja, 92 kwa heksadesimali. Katika UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni baiti tatu: E2 80 99. Programu ikizisoma tatu hizo kwa kanuni za Windows-1252, kila moja hutoa alama yake: â, €, ™.

Basi akikuta E2 80 99, faili ni zima. Aliyekosea ni msomaji wake. Akikuta C3 A2 E2 82 AC E2 84 A2, kosa limeshahifadhiwa, na dawa yake ni kurudi kinyumenyume kwa iconv, programu ya kugeuza usimbaji:

iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 bovu.txt > zima.txt

Amri inasema "peleka Windows-1252", lakini kinachotoka ni E2 80 99, yaani UTF-8 safi. Ujanja huu haujawahi kunichosha.

Akikuta 92 peke yake, hugeuza kutoka WINDOWS-1252 kwenda UTF-8. Hapo ndipo umakini unapopimwa. Akitaja ISO-8859-1 badala yake, iconv itatii bila neno, kwani humo 92 ni alama ya udhibiti isiyoonekana, na ritifaa itatoweka. Akidai faili ni UTF-8, iconv itagoma na kumwonyesha mahali ilipokwama. Mgomo huo ni msaada. Chaguo la -c huunyamazisha kwa kutupa kisichogeuzika, na fundi mwangalifu hulikwepa.

Matokeo huyapa jina jipya daima, maana akiyaelekeza kwenye faili lilelile, shell hulimwaga kabla iconv haijalisoma. Mwisho huligeuza faili jipya lirudi lilikotoka, akalilinganisha na la kwanza kwa cmp. Ikipatikana tofauti ya baiti moja, anaanza upya.