Sanduku linaloruhusiwa kulipuka ndani

Stata ya mota ikizimwa, ncha za kontakta huachana kwa cheche. Ndiyo tabia ya umeme unapokatwa. Kwenye pampu ya kisima cha maji cheche hiyo haina neno. Kwenye mgodi wa makaa ya mawe, methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, moja tu inatosha kuua zamu nzima.

Wengi hudhani dawa ni kuifungia stata katika sanduku lisilopitisha hata hewa. Lakini sanduku hupata joto kazi ikiendelea na kupoa ikisimama. Likipoa, hewa ya ndani hunywea na ya nje hunyonywa kupitia mpira wowote uliochakaa. Iko siku gesi itaingia.

Carl Beyling, mtaalamu wa migodi wa Kijerumani, alianza na hoja hiyo hiyo: acha iingie. Kati ya 1903 na 1905, kwenye kituo cha majaribio cha Gelsenkirchen katika bonde la Ruhr, alijaza gesi ya mgodini ndani ya mota na vifaa vya umeme, akavilipua makusudi, kisha akatazama kama gesi ya nje nayo inawaka. Humphry Davy alikwisha kuizuia miali kwa wavu wa waya katika taa yake ya 1815, ila wavu huchakaa na kutoboka. Beyling aliona kwamba sanduku la chuma kinene, lenye kingo pana zilizosawazishwa vizuri, huhimili kishindo na kutoa gesi ya moto kupitia mwanya mwembamba kati ya kingo hizo bila kuwasha kitu nje.

Mwanya huo ndio moyo wa kifaa. Chuma cha pande zote mbili hunyonya joto la gesi inayopita, na inapochomoka kwa kasi huchanganyika na hewa baridi na kupoa kabla haijawasha chochote. Kila gesi ina kikomo chake. Kwenye kingo zenye upana wa milimita 25, mwali wa methani hushindwa kuvuka mwanya wa hadi takriban milimita 1.14, wa ethilini, 0.65, wa haidrojeni, 0.29 tu. Ndiyo maana stata iliyoidhinishwa kwa mgodi haipelekwi kwenye kiwanda cha haidrojeni, hata kama mota ni ya nguvu ile ile. Watengenezaji huacha mwanya mdogo kuliko kikomo, wasije wakategemea bahati.

Kinachonishangaza ni jinsi kifaa hiki kinavyoharibiwa na mafundi wenye bidii. Mmoja hupaka rangi kwenye kingo ili zisishike kutu. Mwingine hutoboa tundu jipya la kebo, au hufunga bolti tatu pale palipotakiwa kumi kwa sababu kesho atafungua tena. Mkwaruzo wa bisibisi kwenye kingo nao ni njia ya mwali. Griisi isiyoganda, ya aina anayoruhusu mtengenezaji, inatosha kuzuia kutu.

Kosa lisiloonekana kabisa ni la mahali pa kufungia. Ukuta, bomba au nguzo ikisogea karibu mno na kingo, gesi inayochomoka hugonga na kukosa nafasi ya kuchanganyika na hewa baridi. Kwa gesi za kundi la haidrojeni, kanuni za kimataifa zinataka angalau milimita 40 za nafasi wazi. Kwa kundi la ethilini, 30. Kwa kundi la propani, 10. Sanduku zima, bolti zote mahali pake, laweza kushindwa kazi kwa sababu mtu alipitisha bomba la maji mbele yake.