Majabari na Neno Lililosahauliwa

Superman alizaliwa Marekani mwaka 1938, Batman akamfuata mwaka 1939, na hadi leo vijana wa Kendwa na Nungwi huwavaa vifuani, katika fulana za mitumba, bila ya kuuliza ni nani hao. Mashujaa wenye nguvu za ajabu wamekuwa biashara ya upande mmoja wa dunia, na watoto wa pande nyengine wamekuwa watazamaji. Mwaka 2006 palitokea jaribio la kuugeuza mkondo huo. Naif al-Mutawa, mwanasaikolojia wa Kuwait aliyesomea Marekani, alitoa kupitia kampuni yake ya Teshkeel mfululizo wa vitabu vya picha uitwao The 99, yaani Tisini na Tisa. Baadaye vitabu hivyo viligeuzwa kuwa filamu za katuni za televisheni, zikatoka misimu miwili. Mwaka 2013 vitabu vilikoma, na katuni nazo hazikupata msimu wa tatu.

Wengi wanaoikumbuka kazi hiyo hivi leo wanaukumbuka ugomvi wake. Usanii wake haukumbukwi, ilhali humo ndani mna mambo ambayo mpenzi wa ushairi wa mwambao angeyatambua mara moja. Kubwa lao ni suala la majina.

Kisa chenyewe kinaanzia Baghdad mwaka 1258, pale majeshi ya Hulagu yalipouteketeza mji na, kama ilivyosimuliwa, kuvitupa vitabu katika mto wa Tigris hata maji yakageuka rangi ya wino. Katika historia, habari huishia hapo kwa majonzi. Katika The 99 ndipo inapoanza. Wakutubi wanaiokoa elimu ile kwa kuihifadhi ndani ya mawe tisini na tisa. Mawe yanasafirishwa hadi Andalusia, yanakaa Granada, na mji huo unapoanguka mwaka 1492 yanatawanyika duniani kote. Katika zama zetu yanawafikia vijana wa nchi mbalimbali, na kila jiwe linampa mwenyewe uwezo mmoja. Dkt. Ramzi anawatafuta vijana hao ili awakusanye. Adui yake, Rughal, anawatafuta ili awatumie. Msomaji wa sira atakumbuka kwamba Abu Rughal ndilo jina la yule msaliti aliyewaongoza watu wa Abraha kuelekea Makka. Chaguo hilo la jina linaonyesha kwamba mtungaji alikuwa akizungumza na watu wenye kumbukumbu.

Wazo la jiwe lililomeza kitabu ni wazo la kishairi. Shujaa wa Kimarekani hupata nguvu kwa kuumwa na buibui au kwa kuzaliwa katika sayari nyengine. Hawa wamezipata kutokana na maktaba iliyozamishwa. Kila wanapoutumia uwezo wao, ni ukurasa mmoja wa Baghdad unaosomwa tena. Kwa watu wa visiwa hivi, ambao miswada ya mababu zao imeliwa na mchwa na chumvi ya bahari, ama imechukuliwa na wageni ikahifadhiwa mbali, wazo hilo haliwezi kupita hivi hivi tu.

Jambo la pili la kusifiwa ni kwamba hakuna shujaa anayejitosheleza. Vijana hawa hufanya kazi watatu watatu, na kila kundi hufaulu pale tu uwezo wa mmoja unapoziba pengo la mwenziwe. Mwambao wetu unamjua zaidi shujaa wa peke yake. Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hakuwa na mfano wake kwa nguvu wala kwa utunzi. Lakini siri ya kifo chake ilikuwa moja, sindano ya shaba kitovuni, na aliyeitumia alikuwa mwanawe. Alipiga goti kisimani na upinde wake mkononi, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Hiyo ndiyo hatari ya nguvu zote kukaa katika kifua kimoja: kikichomwa kifua hicho, mji mzima unalala na kiu. The 99 iliigawa nguvu hiyo makusudi ili pasiwe na kitovu kimoja cha kuchomwa.

Wahusika watatu wanatosha kuonyesha ufundi wa kazi hii. Jabbar ni kijana wa Kisaudi aliyekanyaga bomu la ardhini, vipande vya jiwe vikaingia mwilini mwake. Tangu hapo ana nguvu kiasi kwamba akipiga chafya ukuta unaweza kuanguka. Hofu yake ni kuvunja vitu, na kwa hofu hiyo mwenye nguvu kuliko wote ndiye anayetembea kwa uangalifu kuliko wote. Noora, msichana wa Falme za Kiarabu, huiona nuru iliyomo ndani ya nafsi za watu, njema na mbaya. Na Darr, Mmarekani anayetumia kiti cha magurudumu, ana uwezo wa kuleta maumivu na kuyazuia. Huyu ndiye aliyechorwa kwa kina zaidi. Wanavyuoni huyasoma majina mawili kwa pamoja, Mwenye kudhuru na Mwenye kunufaisha, wala hawapendi kulitaja la kwanza bila ya la pili. Darr ameyabeba yote mawili katika mkono mmoja, naye anaujua uchungu kwa kuwa ameuonja.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Idadi ya tisini na tisa imetoka katika majina matukufu ya Mwenyezi Mungu, na majina ya vijana hawa yameshikamana na majina hayo. Watungaji walijikinga kwa kuiondoa alifu na lamu ya mwanzo: al-Jabbar ni Mungu, Jabbar ni kijana. Hawakuwaonyesha mashujaa wote tisini na tisa, na benki ya Kiislamu ya Bahrain iliyotia fedha katika kazi hiyo ilikuwa na bodi yake ya sharia. Je, kinga hiyo inatosha?

Kwa Kiswahili suala hili lina sura yake. Lugha yetu haina alifu na lamu, kwa hiyo kinga ya watungaji wa Kuwait haivuki bahari. Lakini Kiswahili kimekwisha kujitengenezea kinga zake zamani. Wakili ni jina lililomo katika yale tisini na tisa, nasi tunamlipa wakili atutetee mahakamani. Shahidi limo, nasi tunamwapisha shahidi. Azizi limo, nalo limeimbiwa wapenzi katika taarabu usiku kucha. Karimu limo, nasi tukataka kumsifu mtu tunalitia m- ya watu, anakuwa mkarimu. Na jabari ni neno letu la kila siku kwa mtu shujaa asiyetishika. Hapana aliyeona katika maneno haya kwamba mja amepewa cheo cha Mola wake, kwani sarufi yenyewe inakataa: mawakili, mashahidi, majabari. Neno likishakubali wingi, limeshuka kwa waja. Mwenyezi Mungu hana wingi.

Kinga ya pili ni kongwe zaidi, nayo tunaifuata pamoja na Waislamu wote. Mtoto wa Kendwa haandikwi Karimu tu. Huandikwa Abdulkarimu, mja wa Mkarimu. Wenziwe uwanjani watalikata jina, lakini chuoni litarudi kamili, na neno lile la mwanzo litamkumbusha kwamba sifa ile ni amana aliyokabidhiwa. Kwa mtazamo huo, kasoro kubwa ya The 99 ni ya kisanaa kabla ya kuwa ya kidini. Watungaji waliiondoa “al”, lakini hawakuitia “abdu”. Vijana wao wanazo sifa, ila hawana unyenyekevu unaozifanya sifa ziwe mtihani. Hawasali, hawaombi, wala hawajiulizi aliyewapa ni nani. Al-Mutawa alikusudia hivyo, ili maadili ya hadithi yawafae watoto wa dini zote, na nia hiyo ina heshima yake. Lakini kwa kunyamaza hivyo aliiacha nje hadithi iliyokuwa nzuri kuliko zote: mja aliyeazimwa sifa ya Mola wake, anaogopa kuitumia vibaya, na anajua kwamba itarudi kwa mwenyewe. Jabbar anayeogopa kuvunja vitu alifika mlangoni pa hadithi hiyo, ila hakuruhusiwa kuingia.

Kasoro nyengine ni ndogo. Wahusika ni wengi mno, na baadhi yao wanapita kabla ya kujulikana. Mazungumzo yana harufu ya Kiingereza, kwani waandishi kadhaa walitoka katika viwanda vya vitabu vya picha vya Marekani, akiwemo Fabian Nicieza. Na mara nyingi funzo linatamkwa wazi pale ambapo picha imekwisha kulisema.

Ama kuhusu ugomvi, tarehe zisichanganywe. Mwaka 2010 Rais Obama aliisifu kazi hii hadharani, na mwaka huo huo mashujaa wake wakakutanishwa na Superman na wenziwe katika vitabu vya pamoja. Wakati huo huo, Marekani kwenyewe, walipiga kelele watu walioona kuwa ni njama ya kuwaingiza watoto katika Uislamu, na kituo kilichotangaza kuionyesha kikaahirisha. Mwaka 2014, vitabu vikiwa vimekwisha kukoma, Mufti wa Saudi Arabia aliikataza kwa hoja ya majina matukufu, na watu wa Daesh wakatoa vitisho vya kumuua mtungaji. Wanaostahili kujibiwa ni wanavyuoni, kwani heshima ya majina si jambo la mzaha na hoja yao ina uzito. Lakini hoja hiyo ilihitaji kujibiwa na mtu wa lugha, anayejua jina linapandaje na linashukaje, na mtu huyo hakuitwa.

Laiti kazi hii ingalifasiriwa kwa Kiswahili, baadhi ya majina yangalipata maana ambazo Kiingereza kiliyanyima. Jami, kijana wa Hungaria mwenye kipaji cha kuunganisha mitambo, kwa Kiingereza ni fundi tu. Kwa Kiswahili jina lake lingaliamsha mara moja jamii, jamaa, jumuiya na jamaa wa msikitini, na msikilizaji angalifahamu kwamba kuunganisha vyuma ni mfano wa kuunganisha watu. Batina, aliyejifunika gubigubi, angalisimama katika ile jozi inayopendwa na washairi wetu, dhahiri na batini. Na jina la mfululizo mzima lingaliweza kuwa Majabari: kwa wingi, ili mtoto ajue tangu jaladani kwamba hawa ni waja.

Mwaka 2021 Nairobi ilitoa Super Sema, katuni ya msichana shujaa katika mji uitwao Dunia, akiungwa mkono na Lupita Nyong'o. Majina ni ya Kiswahili, ila Sema alianza kusema kwa Kiingereza. Kuwait ilikuwa na majina ikakosa neno moja. Nairobi ilikuwa na maneno ikayaacha katika vibao vya majina. Atakayekuja kuwatungia watoto wa mwambao mashujaa wao ana mali zote mbili mkononi, na The 99 imekwisha kumwonyesha mahali pa kuanzia: maktaba iliyozama, watu watatu wanaohitajiana, na mwenye nguvu anayeogopa kuvunja.