Mita Arobaini na Mbili za Ziada

Muda wa mwanariadha hauna maana kama barabara aliyokimbia haikupimwa vizuri. Ndiyo maana, muda mrefu kabla ya bunduki kulia, meneja wa mbio za marathoni humtafuta mpimaji mwenye baiskeli. Wapo wanaoshangaa: baiskeli ya nini, na kila mtu ana simu inayoonyesha umbali? Simu hukisia. Gurudumu hugusa lami yote, hatua kwa hatua.

Mpimaji hunyoosha kwanza utepe wa chuma kwenye kipande cha barabara iliyonyooka, mita 300 au zaidi, akakipita mara nne kwa baiskeli huku kidude kilichofungwa gurudumuni kikihesabu mizunguko. Kisha huifuata njia nzima ya mbio, alfajiri magari yakiwa machache, kwa mkato mfupi kuliko wote ambao mkimbiaji anaweza kuupita. Kwenye kona huwa sentimita 30 tu kutoka ukingoni. Akimaliza hurudi kwenye kile kipande cha mwanzo na kukipita tena mara nne, kwa sababu jua limeshapanda, tairi limepata joto na kutanuka. Juu ya uangalifu wote huo, huongeza mita moja kwa kila kilomita, mita 42 kwa marathoni nzima, ili kama kuna kosa, njia izidi, isipungue. Nazipenda sana mita hizo. Kila mkimbiaji huzikimbia bila kuambiwa, nazo humlinda: hakuna atakayeikataa rekodi yake kwa kudai njia ilikuwa fupi.

Hali ya hewa nayo ina hesabu yake. Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Mwenyeji wa pwani anaujua mwezi huo: kaskazi inakwisha, upepo umelala, jasho halikauki mwilini. Kenenisa Bekele, bingwa wa miaka mitano mfululizo, aliacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Tangu hapo naamini kwamba meneja hupanga nusu ya mashindano siku anapochagua mwezi na saa ya kuanzia.

Halafu kuna subira, na hapa ndipo ninapoiheshimu kazi ya kusimamia mbio kuliko kote. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Tunamsifu kwa ushujaa, na anastahili. Lakini mimi kila nikiyasoma matokeo yale, jicho langu hutua kwenye muda wake: 3:25:27, nafasi ya 57, wa mwisho. Umeandikwa hadi sekunde. Maana yake kuna watu walibaki mstarini, saa mkononi, wakimngoja aliyebaki nyuma kwa umakini uleule waliompa bingwa.

Umakini huo nauona pia kwa walimu wetu wa michezo, wakati wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, wanapochora njia kwa chokaa. Kwenye mbio za mita 400, njia zikiwa na upana wa mita 1.22, mtoto wa njia ya pili husogezwa mbele mita 7.04, kwa kuwa mzunguko wake ni mrefu zaidi. Wa tatu huongezewa mita 7.67, na kuendelea hivyo hadi njia ya nje. Mzazi asiyejua huona upendeleo, akapiga kelele. Mwalimu anayeijua kazi humweleza kwa upole, wala hafuti mstari. Asipopima, mtoto wa njia ya sita atamzidi mwenzake wa ndani kwa zaidi ya mita 37 za kukimbia, kisha ataambiwa hana kasi. Pengine ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, na hakuna kocha atakayekuja kumtafuta tena.

Ninawaomba maofisa michezo wa wilaya wampe mwalimu huyo utepe wa chuma badala ya kamba inayonyumbuka, saa tatu za kupimia muda badala ya moja, na siku mbili nzima za kuandaa uwanja kabla watoto hawajafika.