Miti ya ukoo inayonakiliwa

Siku hizi kuna vitabu visivyo na mwandishi mmoja, wala havichapwi kwa karatasi, lakini watu mamilioni wanavisoma na kuviandika. Ndiyo miti ya ukoo iliyo kwenye intaneti. Huko Marekani na Ulaya mtu anafungua kompyuta yake, anaandika jina la baba na la babu, na mashini inamwambia: mwingine amekwisha kuandika babu wa babu yako, je, wataka kumchukua? Anagusa mara moja tu, na watu ishirini wanaingia katika mti wake. Hajawaona, hajasoma habari zao mahali popote, lakini tangu sasa ni jamaa zake.

Kutafuta mababu ni kazi njema, wala hatutaki kuicheka. Mtu asiyejua alikotoka ana njaa fulani ambayo pesa haiishibishi. Lakini kitabu chochote chahukumiwa kwa kuuliza: nani aliona, nani alisema, nani aliandika? Tuihukumu miti hii vivyo hivyo.

Iko ya namna mbili. Katika tovuti kama Ancestry na Geneanet kila mtu ana mti wake mwenyewe, naye aweza kunakili kutoka mti wa jirani. Ancestry huonyesha jani dogo la kijani ili mtu ajue kwamba kuna kitu cha kuchukua; na nani ataona jani linamwita asilifuate? Katika nyingine, kama FamilySearch, Geni na WikiTree, watu wote wanajenga mti mmoja, na huyu anasahihisha alichoandika yule. Tena tangu mwaka 1984 iko namna moja ya kupanga habari hizo, inaitwa GEDCOM, iliyotungwa na kanisa la Wamormoni la Marekani. Kwa njia hiyo mti mzima wa watu elfu kumi hutoka kompyuta moja na kuingia nyingine kwa dakika chache.

Basi ubaya uko wapi? Kwanza ni katika ushahidi. Mtu anaona miti arobaini yasema kwamba babu fulani alizaliwa mwaka 1702, mama yake akiitwa Marie. Anafurahi: mashahidi arobaini! Kumbe shahidi ni mmoja. Wa kwanza alikisia, labda aliweka hata alama ya kuuliza. Wa pili alinakili akasahau alama ile. Wengine walinakili wa pili. Akija mtu aliyesoma kitabu chenyewe cha parokia na kuandika kwamba mama ni Jeanne, wanamwambia: wewe ni mmoja, sisi ni arobaini. Hapo uongo umeshinda kwa kuhesabu vichwa.

Tuchukue mfano wa jambo lililotokea mara nyingi katika vijiji vya Ufaransa. Tuseme mwaka 1742 anabatizwa Jean, mtoto wa Pierre. Mwaka 1744 anakufa. Mwaka 1746 anazaliwa ndugu yake, nao wazazi wanampa jina lile lile, Jean, maana ndivyo watu wengi walivyofanya zamani zile. Huyu wa pili anaoa na kuzaa. Mwenye haraka anapata ubatizo wa kwanza, hageuzi ukurasa, anaufunga na ndoa ya yule wa pili. Mtoto aliyezikwa akiwa na miaka miwili anapewa mke na watoto saba; na yule aliyeishi kweli hana tena siku ya kuzaliwa. Atakayenakili hatajua kamwe kwamba walikuwa wawili. Wengine hata hawatazami hesabu: mama anaandikwa amezaa miaka mitatu baada ya kuzikwa, na mti unasimama vivyo hivyo, unanakiliwa.

Sisi tulio karibu na vitabu vya ubatizo twaona kosa lingine, nalo twaliona kubwa zaidi. Konsilio ya Trento, mwaka 1563, iliagiza kila paroko awe na kitabu cha ndoa chenye majina ya waoaji na ya mashahidi, na siku na mahali. Tena wasimamizi wa ubatizo waandikwe. Rituale ya Roma ya mwaka 1614 ikataja vitabu vitano: vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa, vya hali ya waamini, vya wafu. Kwa hiyo mstari mmoja wa zamani una watu wengi ndani yake: mtoto, baba, mama kwa jina la ukoo wake mwenyewe, msimamizi wa kiume na wa kike, padri, na mara nyingi neno kwamba fulani hajui kuandika. Msimamizi mara nyingi ni mjomba au shangazi. Kwake twajua kama Pierre huyu ni yule wa mtoni au binamu yake wa kilimani. Anayenakili huacha yote hayo, anachukua jina na tarehe tu. Tena wako wanaompa mke jina la mume, kama desturi ya Waamerika, hata ukoo wa mama unapotea kabisa.

Tarehe nazo zina mitego. Waingereza walibadili kalenda yao mwaka 1752. Mbele ya hapo mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi. Basi George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya kale, na 22 Februari 1732 kwa hesabu mpya. Zote mbili ni kweli. Lakini asiyejua atachukua siku ya huku na mwaka wa kule, atengeneze tarehe ambayo si ya kale wala si mpya.

Isidhaniwe kwamba kompyuta ndiyo iliyoanzisha maovu haya. Gustave Anjou, mtu aliyezaliwa Sweden na kufa Marekani mwaka 1942, aliwauzia matajiri nasaba za uongo, zenye mababu wakubwa kama walivyotaka. Mwaka 1945 zilichapwa Horn Papers, vitabu juu ya watu wa kale wa Pennsylvania. Wataalamu walipochunguza, walitangaza mwaka 1947 kwamba sehemu kubwa ni ya kughushi. Karatasi za namna hiyo hazikufa. Zilikaa katika maktaba, mtu akaziingiza kwenye intaneti, na leo mjukuu asiye na hatia anazinakili akijivuna kwamba atoka kwa mfalme.

Tena tazameni Maandiko. Mateo anasema baba wa Yosefu ni Yakobo; Luka anamtaja Eli. Mateo anaruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia. Walimu wa Eklezya walibishana juu ya mambo hayo toka zamani, lakini Eklezya haikufuta jina moja ili yalingane. Mjenzi wa mti wa siku hizi angalichanganya Yakobo na Eli kuwa mtu mmoja kabla ya chakula cha jioni.

Na walio hai? Tovuti nyingi huficha watu ambao hawajafa. Lakini akija binamu wa mbali, akanakili mti, na kwa uzembe akaandika kwamba shangazi amekufa, mara shangazi anaonekana mbele ya dunia yote, na siku yake ya kuzaliwa, na jina la mama yake, jina lile ambalo benki nyingine huuliza ili kumtambua mtu. Akiomba afutwe, atafutwa katika mti mmoja. Katika ile mingine iliyokwisha kunakili atabaki. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 yawalinda walio hai, wala haiwahusu wafu. Hata hivyo siri ya marehemu inaweza kumwumiza mtoto wake. Mtoto aliyelelewa na baba asiyemzaa, je, ni haki asome habari hiyo katika mti wa mtu asiyemjua?

Kati ya namna mbili zile, sisi twapenda zaidi mti mmoja wa wote, ingawa ndani yake mtu aliyefanya kazi mwaka mzima huweza kukuta mgeni ameiharibu usiku mmoja. Angalau hapo ugomvi unaonekana na watu wanalazimika kujibishana. Katika miti ya mmoja mmoja kosa halina wa kulipinga. Linakaa tu, linazaa. WikiTree, iliyoanza mwaka 2008, inawadai watu waseme habari wamezitoa wapi, na hilo twalisifu. Lakini wako wanaojibu: kwa mti mwingine. Jibu hilo lisipokewe.

Jambo hili limekwisha kufika kwetu Afrika. FamilySearch hutuma watu vijijini, katika nchi kadha, kuandika nasaba kutoka kinywa cha wazee, nayo ni kazi yenye faida, maana wazee wanakwisha. Lakini fomu ile imetungwa na watu wenye baba mmoja tu. Mzee wetu asema: huyu ni baba yangu, naye ni baba mdogo, au ndugu wa babu aliyerithi nyumba. Asema: huyu ni ndugu yangu, naye ni mtoto wa mama mkubwa. Mwandishi asipouliza hapo hapo, «Ni baba aliyekuzaa, ao ni ndugu yake?», ataandika alivyosikia, na kesho watu wa ng'ambo watanakili. Swali hilo liulizwe mzee angali ameketi, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake, kando ya fomu.