Mkono Unaoufuata Utumbo

Mtoto wa miezi saba analia kwa vipindi. Anakunja magoti, anapiga mayowe, kisha ananyamaza na kulegea. Muda si muda kilio kinarudi. Daktari akiona hali hii hushuku kuwa kipande cha utumbo kimejiingiza ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati uliovutwa ndani. Damu ikishindwa kupita, sehemu iliyobanwa huanza kufa.

Ninastaajabia jinsi daktari stadi anavyoutafuta utumbo huo kwa altrasaundi palepale kitandani. Kwanza humtuliza mtoto: humwacha mapajani mwa mama yake na kumpaka jeli ya vuguvugu, maana tumbo lililokazwa kwa kilio ni gumu kupima. Huchagua kifaa bapa cha kupimia, kinachoonyesha vizuri vilivyo karibu na ngozi. Huanzia chini kulia, utumbo mwembamba unapoungana na mpana, akapanda hadi chini ya ini, akavuka kuelekea kwenye wengu, kisha akashuka kushoto. Hubonyeza taratibu ili gesi isogee na mtoto asiumie. Haruki hatua, kwani hawezi kusema hakuna kitu kama hajaipitia njia nzima.

Anatafuta duara ndani ya duara, kwa kawaida lenye upana unaozidi sentimita 2.5. Akiliona, haridhiki upesi. Hukigeuza kifaa nyuzi 90 alitazame kwa urefu, ambako hufanana na figo. Anajua kinyesi kinaweza kulidanganya jicho, na kwamba duara dogo la utumbo mwembamba mara nyingi hujifungua lenyewe. Basi husubiri, akatazama tena. Mwisho huwasha rangi za dopla kuona kama damu ingali inapita.

Yote haya hufanyika bila mionzi. Tatizo likigunduliwa mapema, mara nyingi utumbo hurudishwa kwa hewa au maji yanayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, bila kisu. Likichelewa kugunduliwa, huenda ukabaki upasuaji tu.

Hospitali inayonunua mashine hii itenge pia muda wa kuwafundisha watakaoishika, kwa kuwa picha ni kazi ya mkono. Nawe mzazi, mwanao akilia kwa vipindi, akitapika na kulegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usingoje damu kwenye choo. Mara nyingi hiyo huja kwa kuchelewa, na watoto wengi hawaipati kabisa.