Gari Lisilo na Usukani: Ufundi wa Ratha Yatra ya Puri

Kila mwaka, katika sherehe ya Ratha Yatra ya mwezi wa Ashadha wa kalenda ya Kihindu, unaoangukia Juni au Julai, sanamu za mungu Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra hutolewa hekaluni mjini Puri, jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Hupandishwa kwenye magari matatu ya mbao, na umati huyavuta kwa kamba hadi hekalu la Gundicha, mwendo wa kilomita 3 hivi. Wasio Wahindu hawaruhusiwi kuingia katika hekalu kuu la Jagannath, lakini siku hiyo mungu hutoka mwenyewe, na yeyote aliyesimama barabarani humwona.

Wageni wengi hustaajabia ukubwa. Nandighosha, gari la Jagannath, lina kimo cha zaidi ya mita 13 na magurudumu 16. Taladhwaja la Balabhadra lina magurudumu 14, na Darpadalana la Subhadra lina 12. Kwangu mimi, ajabu kubwa zaidi ni kwamba hakuna hata moja lenye usukani. Mihimili ya magurudumu imekazwa kwenye kiunzi, haigeuki kulia wala kushoto. Na magurudumu hayako pembeni tu. Mengine yamejificha chini ya jukwaa, yakigawana uzito. Mpango huo hulifanya gari lisiyumbe, ila hulifanya pia kuwa gumu mno kupinda. Kwa hiyo likianza kwenda upande, dawa ni moja: wavutaji wa kamba za upande wa pili waongeze nguvu, na wa upande huu walegeze.

Fikiria ugumu wake. Kamba ni za usumba wa nazi, nene na ndefu, na aliye mbele kabisa hamsikii aliye nyuma. Juu ya gari wapo wapiga matuazi ya shaba, na mlio wao ndio unaoleta mapigo ya pamoja. Polisi huzingira gari na kamba ili watu wasisukumwe chini ya magurudumu. Breki ni gogo linaloshushwa mbele ya gurudumu. Gari huenda kidogo, husimama, hunyooshwa, huenda tena.

Ujenzi wenyewe huanza siku ya Akshaya Tritiya, takriban miezi miwili kabla. Mafundi ni wa koo za Maharana, wanaorithishana kazi hii. Hawatumii michoro, vipimo viko katika fimbo ya kupimia na katika kumbukumbu. Nandighosha huhesabiwa vipande 832 vya mbao, Taladhwaja 763, Darpadalana 593. Wahunzi hufua vyuma vya kukazia, wachoraji hupaka rangi, mafundi cherehani hushona vitambaa vya paa: nyekundu na njano kwa Jagannath, nyekundu na kijani kwa Balabhadra, nyekundu na nyeusi kwa Subhadra.

Sherehe ikiisha, magari huvunjwa. Sehemu kubwa ya mbao huishia kuwa kuni za jiko la hekalu, linalopikia mahujaji chakula kitakatifu. Wapo wanaoona huo kuwa upotevu wa miti, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini gari la kudumu lingemfanya fundi ajenge mara moja tu maishani mwake, na mjukuu wake asingejua pa kuanzia. Kwa kuwa kazi hurudi kila mwaka, kijana huanza kwa kushika patasi pembeni ya baba yake na hukomaa akiwa kazini. Naamini ndiyo sababu ufundi huu umedumu bila kuandikwa.

Hatua ya hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kupandisha na kushusha sanamu. Ni za mbao, nzito, na watumishi wa hekalu huzibeba kwa kuziyumbisha hatua kwa hatua juu ya ngazi ya mteremko. Julai 2024 sanamu ya Balabhadra iliteleza ikishushwa huko Gundicha, na watumishi kadhaa wakajeruhiwa.

Mwaka 2020 ulituonyesha jambo ambalo hakuna aliyepanga kulijaribu. Kwa sababu ya korona, Mahakama ya Juu ya India iliruhusu sherehe bila umati: watu wasiozidi 500 kwa kila gari, na saa moja kati ya gari moja na jingine. Magari yalifika. Nguvu ya kuvuta, basi, haihitaji maelfu kwa maelfu. Wanaofurika huja kwa sababu kuigusa kamba ni baraka.

Na wapangaji wanapaswa kuutazama umati huo hasa pale usipokuwa na kamba. Kamba huwapanga watu: huwapa mstari, upande na mapigo. Msiba wa alfajiri ya 29 Juni 2025 uliotokea karibu na hekalu la Gundicha, ambapo watu 3 walifariki katika msongamano, haukutokea wakati wa kuvuta. Magari yalikuwa yamesimama, mahujaji wamekusanyika kusubiri kuziona sanamu, na taarifa zilisema malori yaliyobeba vifaa vya ibada yaliingia katikati yao. Serikali ya jimbo iliwahamisha wakuu wa wilaya na polisi. Kinachohitajika zaidi ni njia tofauti za kuingilia na kutokea mbele ya Gundicha, na magari ya mizigo kuzuiwa kabisa saa zile ambazo hakuna anayevuta.