Kichwa Bila Habari

Kosa la kipindi cha asubuhi nilichokisikia juzi halikuzaliwa studio. Lilizaliwa mwaka 2017, pale Dk. Harrison Mwakyembe, wakati huo waziri wa habari na mbunge wa Kyela, alipozitaka redio na televisheni zisome vichwa vya habari tu, zisiingie ndani ya gazeti. Lengo, tuliambiwa, ni watu wanunue magazeti. Nilipinga siku ile na leo napinga tena: aliyefaidika si muuza magazeti, ni mtangazaji mwenye maoni.

Tuirudie dakika yenyewe. Hapa Kilolo ukungu ulikuwa bado umelalia viazi, redio yangu imening'inia kwenye msumari wa dirisha. Mtangazaji akasoma kichwa kuhusu ruzuku ya mbolea. Karatasi ikasikika ikikunjwa. Papo hapo, bila kuvuta pumzi, akaingia: mkulima aliyekosa mbolea ajilaumu mwenyewe, hakujiandikisha, wanaolalamika wametumwa. Sauti ileile ya kusomea habari, mwendo uleule, muziki uleule chini yake. Hakusema hata mara moja kwamba hayo ni yake. Laini za simu zilipofunguliwa, wa kwanza kupita ni yule mdau wa kila siku tunayemjua kwa kikohozi, ambaye kazi yake ni kuafiki. Mshono kati ya habari na maoni haukuonekana, na ubaya uko hapo.

Jirani yangu akapita na jembe begani.

"Kamwene, mwalimu. Umesikia? Gazeti limeandika tuliokosa ni wazembe."

"Halijaandika, baba. Hayo ni ya kwake."

"Si nimemsikia anasoma?"

Gazeti lilitufikia kwa basi la Iringa, saa nane imeshapita. Aya ya nne ilieleza kuwa wapo waliojiandikisha na majina yao hayakuonekana kwenye mfumo. Angesoma hadi hapo, hoja yake ingemfia mdomoni. Lakini tangu agizo lile, kufunga gazeti kwenye kichwa kumekuwa desturi, na wanaoumia ni sisi ambao gazeti hutufikia limeshapoa.



Kutoa maoni redioni si kosa, kosa ni kuyaficha ndani ya habari. Wamarekani waliondoa mwaka 1987 kanuni iliyovitaka vituo vitoe nafasi kwa mitazamo inayopingana. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mhafidhina, akaanza kusikika nchi nzima, rundo la vipande vya magazeti mezani. Simtetei, aliwagawa watu. Ila alisoma kipande kwanza, ndipo akakishambulia.

Sisi tulikuwa na bora zaidi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza: redio inasema, kitabu kiko mkononi, kisha kikundi kinajadili. Na Paul Sozigwa wa Radio Tanzania alikuwa na msimamo wa chama na serikali, mkali kuliko wa hawa wa leo, na hakuuficha. Lakini kipindi chake kiliitwa Mazungumzo Baada ya Habari. Jina lenyewe lilikuwa ukuta: habari imekwisha, sasa nisikilizeni mimi. Hata asiyekubaliana naye alijua anabishana na nani.

Mtangazaji wa juzi analo gazeti lile bado. Kesho, saa ileile, aifungue aya ya nne aisome yote, ndipo aseme lake.